Jiwe Nililoligonga Nikanyamaza

Neema na Furaha, wanagenzi wangu, mliniomba niwaandikie niliyoyaona katika miaka yangu ya karakana, nami nimeianza karatasi hii mara nne. Kila nikiketi, dakika kumi haziishi kabla sijasimama tena. Natoka, nauzunguka mtaa mzima wa maduka wa Farsta, hapa Stockholm, bila kununua kitu, narudi. Wanasema kustaafu ni kupumzika. Labda kwa wengine. Mimi bado naamka alfajiri nikitafuta viatu vya kazi ambavyo nilivirudisha mwenyewe, kwa saini. Nawaandikia kwa Kiswahili kwa sababu ripoti zangu zote ziko kwa Kiswidi, na katika Kiswidi mimi huonekana mtulivu kuliko nilivyo.

Ninyi mlinikuta nikiwa tayari fundi mzee mwenye miwani miwili. Sikuanza hivyo. Nilizaliwa Tabaka, huko Kisii, mahali ambapo mawe ya sabuni yanachimbwa na kuchongwa. Kwetu wanaume huchonga, wanawake na wasichana hupiga msasa kwa maji hadi jiwe liteleze. Nimepiga msasa viboko, vifaru na visahani vya sabuni kwa maelfu, na nilipopanda ndege kumfuata mume wangu aliyekuwa akisoma Stockholm, nilijiambia kwamba mimi na mawe tumeagana.

Kazi yangu ya kwanza huku ilikuwa usafi wa uwanja wa ndege. Tuliishi Märsta, kituo cha mwisho cha treni, na niliijua sakafu ya jumba la wasafiri kuliko nilivyoijua Sweden. Mume alimaliza masomo akaenda zake na maisha mengine. Nikabaki na binti yetu, Moraa. Kampuni ya usafi ikanihamishia jumba la makumbusho, na huko, chini kabisa, nyuma ya mlango mzito wa chuma, kulikuwa na karakana ya mawe.

Fundi mkuu aliitwa Gunvor. Alikuwa mwanamke mrefu, mwenye nywele fupi nyeupe na mikono kama ya mkulima. Miezi mitatu nilipiga deki chini ya meza zake, tukisalimiana tu. Siku moja nilipita karibu na bamba la jiwe lililochongwa nyoka na maandishi ya kale, nikaweka kiganja juu yake bila kufikiri, kama ninavyomgusa mtoto kuona kama ana homa.

"Hapa pamechoka," nilisema kwa Kiswidi changu kibovu.

Gunvor aliinua kichwa. "Nani amekufundisha?"

"Hakuna. Nimezaliwa huko."

Hakuniuliza huko ni wapi. Aliuliza kama nina nafasi Jumatatu. Hivyo ndivyo nilivyoingia kwenye kazi hii. Yaliyofuata, mafunzo, vyeti na vyeo, nayaruka, maana yako kwenye faili na hayana ladha.

Siku yangu ya kwanza rasmi nilikaribia kufukuzwa. Nilipewa jiwe kutoka uwanja wa kanisa, limefunikwa ukoga wa kijivu na wa njano unaoota juu ya mawe. Nikachukua brashi ngumu kama tulivyokuwa tukifanya nyumbani, nikaanza kusugua kwa moyo wote. Gunvor alikuja akanishika kiwiko.

"Weka chini. Unaondoa miaka, huondoi uchafu."

Wiki nzima iliyofuata sikuruhusiwa kugusa maji wala brashi. Nilipewa kazi ya kugonga. Mnajua namna yenyewe, maana niliwachosha nayo: kifundo cha kidole cha kati, polepole, kila upana wa kiganja, sikio likiwa karibu. Jiwe zima hujibu kwa sauti fupi na ngumu. Jiwe ambalo tabaka zake zimeachana ndani hujibu kama mlango wa kabati. Gunvor alikuwa akisimama nyuma yangu na kikombe chake cha kahawa.

"Ukisikia uwazi, sema hapo hapo," aliniambia. "Ukingoja hadi saa ya kahawa utakuwa umeshauzoea."

Alinifundisha pia kuilaza taa ubavuni mwa jiwe, mwanga upite juu juu, ili mstari uliofutika utoe kivuli chake. Alinifundisha kuosha kwa maji matupu. Alinifundisha kununua vilinda magoti vyangu mwenyewe badala ya kungoja vya ofisi, na hilo ndilo fundisho ninalolishukuru zaidi kila ninapopanda ngazi. Tulifanya kazi pamoja miaka kumi na mmoja. Alipoondoka, karakana ikaongozwa na Henrik, mtu mpole, mwenye adabu, aliyependa sana ratiba. Alikuwa na ratiba ya kutengeneza ratiba. Simsemi vibaya. Mtu asiye na ratiba hawezi kumpeleka mtu yeyote Mongolia.

Safari ya Mongolia ilitoka kwa wenzetu wa huko. Mwanaakiolojia wao, Tuya, alikuwa amesoma Sweden zamani na Kiswidi chake kilikuwa kizuri kuliko changu. Aliandika kwamba wana mawe ya kale kwenye nyika, yamesimama tangu kabla ya historia, na baadhi yanaanza kuanguka kwa baridi na upepo. Henrik akaomba ruhusa na vifaa. Mimi nikaomba kwenda kabla hajamaliza sentensi.

Kutoka mji mkuu tuliendesha siku mbili ndani ya gari la Kirusi lenye umbo la mkate wa boflo. Barabara iliisha siku ya kwanza. Baada ya hapo dereva alifuata alama za matairi, na baadaye akafuata akili yake. Nyika ile haina mti. Macho yangu yalitafuta kitu cha kushika yakakosa, na nikajiona kama mtu aliyesahau kitu nyumbani asijue ni nini. Kisha Tuya akanyoosha kidole, nikaona watu wamesimama mstari mmoja kwenye majani.

Hawakuwa watu. Yalikuwa mawe, marefu kunizidi, ya kijivu, yamesimikwa wima. Juu ya kila jiwe kuna duara, kama hereni. Katikati kuna mkanda uliochongwa, umening'inizwa kisu na shoka dogo. Na kati ya hereni na mkanda, kuzunguka jiwe lote, kuna wanyama nitakaowaita kulungu, wamekunja miguu, midomo mirefu kama ya ndege, pembe zimelala mgongoni kama moshi unaopeperushwa. Wote wanapanda juu. Ni mtu asiye na uso, amevaa mkanda, na mwili wake umejaa wanyama wanaokimbia.

Sikuweza kula mchana ule. Nilitoka jiwe hadi jiwe, narudi la kwanza, naanza tena. Henrik alinipigia kelele kwamba mawe hayaendi popote. Nilijua. Mimi ndiye niliyekuwa siwezi kutulia.

Karibu na mawe, upande wenye kijito, kulikuwa na hema la duara la familia moja ya wafugaji. Mwenye nyumba alikuwa mjane wa umri wangu, Dulmaa. Kila asubuhi alitoka na ndoo, akachota maziwa kwa mwiko wa mti, akayarushia mawe, kidogo kidogo, akinong'ona. Jiwe moja alilirushia zaidi, lile la mwisho, lililoinama sana upande wa mlima. Hilo alikuwa amelifunga pia kitambaa cha buluu.

Kazi yangu ilinilazimu kusema. Nilimwomba Tuya amweleze kwamba mafuta ya maziwa hulisha ukoga na kuvuta wanyama waje kulamba.

Dulmaa alinitazama kutoka miguuni hadi kofiani. "Mwambie mbuzi pia wanajisugua hapo," alisema, na Tuya akatafsiri akizuia kicheko. "Anawaambia nini mbuzi?"

Siku hiyo alituita chai, ya maziwa na chumvi, na nikainywa yote, jambo lililomfanya aanze kunihesabu kama mtu. Alipojua mpango wetu, alitikisa kichwa. Mpango ulikuwa kulinyanyua lile jiwe lililoinama, kulisimamisha wima na kuliwekea msingi mpya.

"Hilo msiliinue," alisema. "Mama mkwe wangu aliniambia limechoka upande wa mlima. Liacheni liiname. Limeinama tangu nilipokuja hapa bibi harusi."

Henrik alimsikiliza kwa heshima, akamwonyesha picha za zamani na za sasa, akamweleza kwamba kila mwaka linainama zaidi na siku moja litaanguka lenyewe. Hakukosea. Na Dulmaa hakukosea. Nawaambia hivi kwa sababu kesi ngumu mtakazokutana nazo zitakuwa za namna hii, watu wawili wote wana sababu, na wewe katikati na mkono wako.

Siku ya tisa nilipanda kilima kilichokuwa na mtandao. Ujumbe wa Moraa ulikuwa umekaa tangu juzi. Alikuwa na mimba ya kwanza, na siku zake zilikuwa bado wiki nne. Nilikuwa nimeapa kwamba nitakuwa nimerudi. Aliandika kwa Kiswidi, kama anavyoniandikia siku zote: amelazwa, shinikizo la damu limepanda, daktari anasema huenda wakamtoa mtoto mapema. Mwisho aliandika neno moja kwa Kiswahili: "Rudi."

Nilishuka kile kilima nikikimbia, mwanamke wa miaka sitini na mmoja. Nilimwambia Henrik. Alikuwa mwema. Alifungua ratiba yake, akahamisha vitu. Jiwe lile lilikuwa la mwisho; tukilinyanyua Alhamisi badala ya Jumatatu, gari litanipeleka Ijumaa, nami nitakuwa Tumba, nyumbani kwa Moraa, kabla ya Jumatatu.

Alhamisi asubuhi tulisimika miguu mitatu ya mabomba juu ya jiwe, tukafunga winchi ya mnyororo, tukapitisha mikanda. Upepo ulikuwa mkali. Kilichobaki ni mimi kugonga kwa mara ya mwisho, kama kanuni inavyotaka. Nilianza chini, nikapanda. Sauti ilikuwa nzuri. Nikazunguka upande wa mlima. Juu ya mkanda, pale pembe za kulungu watatu zinapokutana, jiwe lilinijibu kama mlango wa kabati.

Niligonga tena. Kabati.

Nyuma yangu Dulmaa alikuwa amesimama na ndoo yake.

"Kerubo!" Henrik aliniita kutoka kwenye winchi. "Liko sawa?"

Niliyajua yote yaliyotakiwa. Ningesema hapana, tungeshusha mikanda, tungefunga jiwe kwa nguo na mbao, tungengoja gundi kutoka mjini, siku sita, labda nane. Nilimwona Moraa kitandani. Nikajiambia ni upepo umenidanganya masikio. Nikajiambia Gunvor angesema ni uwazi mdogo. Uongo wa pili ulikuwa mbaya kuliko wa kwanza, maana nilimtumia mtu ambaye hakuwepo.

"Endeleeni," nilisema.

Mnyororo ulivuta. Jiwe lilisogea upana wa vidole viwili, likanyooka kidogo, na watu wakaanza kutabasamu. Kisha likatoa sauti kama kuni kavu. Robo nzima ya juu, na hereni yake, na vichwa vya kulungu watatu, ikateleza, ikaangukia pale dereva alipokuwa amesimama. Alikuwa ameruka tayari. Vumbi lilipotulia, hakuna aliyeumia.

Dulmaa aliweka ndoo chini. Alipiga magoti, akaanza kuokota vipande vidogo, vya ukubwa wa kucha, akavitia kwenye upindo wa joho lake, kimoja kimoja.

"Ni ufa wa asili," Henrik alisema hatimaye, amepauka. "Uko ndani kabisa. Hakuna mtu angeweza kujua."

Sikumsahihisha. Hapo nilikuwa nimenyamaza mara ya pili.

Mtu alitakiwa abaki kuliunganisha kabla ya majira ya baridi, na mwenye mkono huo alikuwa mimi. Henrik aliniambia niende kwa binti yangu, watamtafuta mwingine. Wote tulijua hakuna mwingine. Nilipanda kilima.

"Mama, uko uwanja wa ndege?" Moraa aliuliza.

"Sijatoka, mwanangu. Jiwe limevunjika. Inabidi nibaki."

"Daniel yuko hapa," alisema kwa Kiswidi. Daniel ni mume wake. Akakata simu.

Nilikaa siku kumi na mbili. Mimi, Tuya na dereva tulitoboa matundu, tukaingiza vijiti vya chuma kisichoshika kutu, tukachanganya gundi ndani ya hema kwa sababu nje kulikuwa na baridi mno, isingeshika. Dulmaa aliniletea kitambaa chenye vipande alivyookota, akakikunjua mbele yangu na kuondoka. Nilivirudisha mahali pake kwa kibano, vile nilivyovitambua. Kila saa ya mapumziko nilipanda kilima na kushuka. Siku ya tano Daniel aliniandikia kwamba mtoto amezaliwa, wa kike, mdogo, mzima, na Moraa anaendelea vizuri. Nilisoma ujumbe ule nimesimama kwenye upepo, nikashuka kwenda kuchanganya gundi nyingine. Sikujua la kufanya na mikono yangu zaidi ya hilo.

Tulilisimamisha jiwe likiwa limeinama vilevile lilivyokuwa. Nilimwomba Tuya amwambie Dulmaa kwamba sisi wote tunaomba radhi. Sisi wote. Alipokea kwa kuinamisha kichwa. Nikaingia garini.

Stockholm niliandika ripoti. Ipo kwenye kabati la kijani, mnaweza kuisoma. Ukurasa wa sita unasema: niligonga, nikasikia uwazi upande wa mlima, nikasema endeleeni. Henrik aliniita ofisini, akafunga mlango.

"Sentensi hii haimsaidii mtu," alisema. "Jiwe limeshatengenezwa."

"Itamsaidia atakayeligonga baadaye. Ajue kwamba lilisema."

Hakuiondoa. Sifa hiyo nampa. Lakini majira yale yote ya baridi tulizungumza mambo ya kazi tu, na kulikuwa na nafasi iliyokuwa ije kwangu ikapita mlango mwingine. Nimeshasema kwamba habari za vyeo naziruka.

Kwa Moraa hakukuwa na ripoti. Nilipofika Tumba alifungua mlango, akaniweka mtoto mikononi, akaenda kulala. Siku kadhaa baadaye, tukikunja nguo ndogo ndogo mezani, aliuliza, "Lile jiwe lina umri gani?"

"Miaka elfu tatu, labda."

"Basi lingeweza kungoja wiki mbili," alisema kwa Kiswidi, bila hasira, akaendelea kukunja. Tumeishi vizuri tangu hapo. Jumatano huwa namchukua mjukuu kutoka chekechea. Lakini neno lile liko mezani, kila mmoja wetu analiona.

Nilistaafu majira haya ya kuchipua. Mliniletea ile keki ya kijani, Henrik akatoa hotuba nzuri isiyo na nyika ndani yake. Nikarudi nyumbani, nikaanza kuzunguka maduka. Ilinichukua wiki kadhaa kuelewa kwamba si kukosa kazi kulikoninyima utulivu. Ukweli nilikuwa nimewaandikia wakubwa, nikauacha kwenye kabati, kwa Kiswidi. Mwenye jiwe sikuwa nimemwambia. Julai nikakata tiketi mwenyewe. Moraa ndiye aliyenipeleka uwanja wa ndege wa Arlanda.

"Jiwe tena?" aliuliza.

"Si jiwe. Ni mtu."

Alinitazama, kisha akanisaidia kushusha begi.

Tuya alinipokea, na dereva yuleyule. Jiwe limesimama, limeinama, na mstari wa kiungo unaonekana, kama nilivyoukusudia, ili mtu asidanganywe. Dulmaa amezeeka kuliko mimi sasa, au pengine nami ni hivyo. Alituingiza ndani, akamimina chai, akaketi kukata bonge gumu la maziwa ya mgando kwa uzi, vipande vya kuanikwa juani. Sikungoja kikombe kipoe.

"Mwambie hivi," nilimwambia Tuya. "Siku ile nililigonga jiwe nikasikia limeachana ndani. Nilijua. Binti yangu alikuwa hospitali na nilitaka kwenda nyumbani. Nikasema waendelee. Halikuwa kosa la wote. Lilikuwa langu."

Tuya mwenyewe hakuwa akijua. Alinitazama kwanza, ndipo akatafsiri, polepole, neno kwa neno. Uzi wa Dulmaa ulisimama katikati ya kipande. Kisha ukaendelea hadi mwisho.

"Nilikuona," alisema. "Niliona mkono wako, kisha nikaona uso wako. Nilisimama pale na ndoo nikingoja useme." Alikipanga kipande kwenye ubao pamoja na vingine. "Nilikuwa nangoja siku ile. Leo nimeshasikia, lakini nilikuwa nangoja siku ile."

Aliuliza kama binti yangu alipona, nikasema alipona. Aliuliza mtoto ni wa kiume au wa kike, nikasema wa kike. Aliitikia kwa kichwa, akainuka kwa shida akishika goti, akachukua ubao wake na kutoka nao nje juani. Mlango hakuufunga. Tuya hakuniambia maana yake, nami sikumuuliza. Niliinuka, nikachukua ubao wa pili wa vipande, nikamfuata.